Je, Wajua? Binti wa Kisiwani Aliyeuongoza Mkutano wa Beijing

Je, wajua kwamba mwanamke aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuuandaa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, ule wa Beijing wa mwaka 1995, alizaliwa kisiwani, mahali ambapo safari yoyote ya maana huanza kwa kupanda chombo? Ni Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, Septemba 13, 1945.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Makala haya nayaandika nikiwafikiria wasomaji wa Mbwera na vijiji jirani vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako mtu hapangi safari kwa saa ya ukutani. Hupanga kwa maji. Yakijaa, mashua inapita. Yakipwa, mnakaa kwenye tope mkiyangoja. Mtoto wa kike wa huko akiambiwa kwamba mabalozi na wakubwa wa Umoja wa Mataifa hutoka kwenye lami na shule za ada kubwa, ana jibu. Mama Mongella naye alitoka mahali pa maji kama yeye.

Safari yake ya elimu ilimtoa Ukerewe hadi Morogoro, kwenye shule ya wasichana ya masista wa Maryknoll iliyoitwa Marian College, ambayo leo tunaijua kwa jina la Kilakala. Mwaka 1970 alihitimu shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda kufundisha walimu katika Chuo cha Ualimu Chang'ombe hadi 1975, kisha akaingia kwenye kazi ya kukuza mitaala. Kwa hiyo kabla hajawa mwanasiasa wala mwanadiplomasia alikuwa mwalimu, tena mwalimu wa walimu, na waliomsikia akizungumza mbele ya umati wanakumbuka namna alivyoeleza jambo kubwa kwa maneno ambayo mtu wa nyuma kabisa angeyaelewa.

Mwaka huohuo wa 1975 aliingia katika Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani, iliyovunjika 1977. Mwaka 1980 akawa mbunge, na 1982 Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Kuna kipande kimoja cha wasifu wake ambacho watu wa delta wanapaswa kukijua zaidi kuliko wengine: kati ya 1985 na 1987 alikuwa Waziri wa Ardhi, Maliasili na Utalii. Maana yake ni kwamba msitu wa mikoko wa Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo uliokaa mahali pamoja katika Afrika Mashariki, ulikuwa chini ya wizara yake. Kisha akapelekwa India kuwa Balozi wa Tanzania, na akiwa katika ubalozi huo ndipo jina lake lilipofika New York.

Na hapa niwaombe tukae kidogo, maana Beijing inatajwa sana na kuelezwa kidogo.

Mkutano ulifanyika kuanzia Septemba 4 hadi 15, 1995. Nchi 189 zilituma wajumbe, na waliohudhuria mkutano wenyewe walikuwa karibu watu 17,000. Pembeni yake kulikuwa na jukwaa la asasi za kiraia lililopelekwa mji mdogo wa Huairou, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka Beijing, na huko wanawake wapatao 30,000 walikusanyika. Mvua ikanyesha. Mahema yakavuja, njia zikawa matope, na wanawake waliotoka kila bara wakawa wanavuka madimbwi wakiwa wamebeba viatu mkononi ili wawahi kikao cha maji safi, cha mikopo, cha vita, cha ukatili wa majumbani. Mama wa Mbwera asingeona la ajabu katika matope hayo, na nadhani angefika kwenye kikao chake kabla ya wengi.

Katibu Mkuu wa mkutano wote huo alikuwa Mama Mongella. Kazi hiyo watu huidhani kuwa ya kufungua na kufunga vikao. Hasha. Kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya mkutano alizunguka dunia akikutana na serikali na vyama vya wanawake, na rasimu ilipofika Beijing ilikuwa imejaa mabano. Katika lugha ya wanadiplomasia, neno lililowekwa kwenye mabano ni neno ambalo bado lina ugomvi: nchi moja inalitaka, nyingine hailitaki. Kuyafungua mabano hayo kulihitaji vikao vya usiku, wajumbe wakigombania sentensi moja, wakati mwingine neno moja, mpaka pande zote zikubali. Siku ya mwisho Azimio na Ulingo wa Utekelezaji wa Beijing ukapita kwa maafikiano, ukiwa na aya 361, ingawa nchi kadhaa ziliandika pingamizi zao juu ya baadhi ya vipengele.

Maeneo ya kushughulikiwa yalikuwa 12: umaskini, elimu, afya, ukatili, vita, uchumi, uongozi, na mengine. Je, wajua kwamba eneo la 12, linalomhusu mtoto wa kike peke yake, liliingizwa kwa msukumo wa Afrika? Wanawake wa Afrika walikutana Dakar, Senegal, Novemba 1994, wakaja na msimamo wa bara zima, na miongoni mwa waliyosisitiza ni kwamba mwanamke haanzi kunyimwa haki siku anapoolewa. Huanza akiwa na miaka saba au minane, pale kaka yake anapopelekwa shule naye anaachiwa mdogo wake mgongoni. Hadi wakati huo mikutano ya dunia ilikuwa ikimzungumzia mwanamke mtu mzima. Afrika ilisema: anzeni na binti.

Ndani ya eneo hilo ndimo ulimozuka mvutano juu ya mirathi. Wajumbe wengi wa Afrika kusini mwa Sahara walitaka iandikwe kwamba mtoto wa kike arithi sawasawa na wa kiume. Wajumbe wa nchi kadhaa za Kiislamu walisema mafungu ya mirathi yamekwisha kupangwa na sheria ya dini na hawana mamlaka ya kuyabadili. Mwishowe maneno yaliyokubaliwa yalizitaka serikali ziondoe dhuluma na vikwazo anavyowekewa mtoto wa kike katika mirathi, na zimhakikishie haki sawa ya kurithi. Wapo walioona huo ni ushindi mdogo. Mimi nauona tofauti nikiutazama kutoka pwani yetu. Malalamiko ya wanawake wengi wa Kiislamu wa pwani hayakuhusu ukubwa wa fungu lao. Yalihusu kunyimwa hata lile fungu waliloandikiwa, pale minazi na shamba la mpunga vilipobaki kwa kaka na ami huku wao wakiambiwa kwamba mume atawatunza. Mwanamke wa namna hiyo, dini yake na Ulingo wa Beijing vyote viwili viko upande wake.

Mama Mongella alirudi nyumbani na jina jipya: Mama Beijing. Vijijini wapo wanaume waliolitumia jina la mji huo kwa kejeli, mke akiuliza zilikokwenda fedha za mavuno akajibiwa kwamba ameanza mambo ya Beijing. Kejeli hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba habari zilifika. Mikutano mingapi ya Umoja wa Mataifa imewahi kutajwa kwenye ugomvi wa jikoni?

Mikutano ya dunia ya wanawake imekuwa minne tu, na kila mmoja ulikuwa na mwanamke kama Katibu Mkuu. Mexico City mwaka 1975 alikuwa Helvi Sipilä wa Finland. Copenhagen 1980, Lucille Mair wa Jamaika. Nairobi 1985, Leticia Shahani wa Ufilipino. Beijing, Mtanzania. Hakujawa na wa tano, kwa hiyo Mama Mongella ndiye Mwafrika pekee katika orodha hiyo mpaka leo.

Lakini wanawake wa Afrika hawakungoja Umoja wa Mataifa uwaite. Je, wajua kwamba Siku ya Mwanamke wa Afrika, Julai 31, chimbuko lake ni Dar es Salaam? Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla hata Umoja wa Nchi Huru za Afrika haujazaliwa, wanawake kutoka sehemu mbalimbali za bara walikutana katika jiji hilo wakaunda jumuiya yao, ile ambayo sasa ni Umoja wa Wanawake wa Afrika. Aliyeshika ukatibu mkuu wake alikuwa Jeanne Martin Cissé wa Guinea. Miaka kumi baadaye, Novemba 1972, mama huyohuyo alikalia kiti cha urais wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, akiwa mwanamke wa kwanza duniani kukikalia. Haikuwa Ulaya wala Marekani iliyomtoa mwanamke huyo wa kwanza.

Na mwenyeji wao wa zama hizo, Tanganyika, alikuwa na mwanamke ambaye jina lake watu wa Rufiji hawahitaji kufundishwa: Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma hadi darasa la nne, akawa mwimbaji kinara katika kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 alipokabidhiwa tawi la wanawake la TANU aliwaendea wanawake palepale walipokuwa, kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe na wauza maandazi, na katika miezi michache wanachama wanawake wakafika 5,000. Wasomi wa wakati huo walikuwa bado wanaogopa kupoteza kazi za serikali ya kikoloni. Wanawake hawa hawakuwa na kazi ya serikali ya kupoteza.

Jimbo aliloligombea katika uchaguzi wa 1965 lilikuwa Rufiji, enzi ambazo Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo. Alishindwa. Mwenyekiti wa wanawake wa nchi nzima akakosa kiti cha ubunge. Mwaka 1969 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, akaishi miaka mingi kimya. Alifariki Novemba 5, 2000, na barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Nasema bila kusita kwamba nchi ilimkumbuka kwa kuchelewa sana. Pasingekuwa na Mama Beijing kama asingetangulia mtu wa kuwaonyesha wanaume wa nchi hii kwamba mwanamke anaweza kuusimamisha umati na kuusogeza.

Msomaji anaweza kuuliza: mikataba hii inayotiwa saini mbali, inamfikiaje mtu? Mahakama zetu zinalo jibu, na ni jibu zuri.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa moja: mke aliyekaa nyumbani akipika, akifua na kulea, je, amechangia kuipata mali ya ndoa? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu siku ile, kwa sababu ilionekana fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilitosha kuwa fungu lake, lakini kanuni iliyotokana na jina lake imewasaidia wanawake wengi waliokuja baadaye. Kisha mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya akaamua shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Mama mzee alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa wake akadai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji aliitupa mila hiyo. Alitaja Katiba, na akautaja pia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, mwaka wa mkutano wa Nairobi. Karatasi ya New York ikamlinda mwanamke wa shamba la migomba la Kagera.

Turudi delta. Tazama wanawake wakitanda uduvi maji yanapoanza kupwa. Wawili wanashika ncha za nguo, khanga kuukuu au kipande cha chandarua, wanaingia majini hadi kiunoni, wanainama, wanatembea polepole wakiikokota upande wa chini. Kisha wanainua kwa pamoja, maji yanachuruzika, uduvi unabaki unarukaruka katikati. Unamiminwa ndani ya ndoo, wanarudi tena. Baadaye huanikwa juani kwenye jamvi, na jamvi lenyewe mara nyingi limesukwa na mikono ileile. Msimu wa mpunga ukifika, mwanamke huyohuyo yuko shambani, na wakati nguruwe pori na nyani wanapoanza kuvizia, familia nzima huhamia kulala kwenye dungu juu ya nguzo ili kulinda kilichopandwa. Ukimuuliza mgeni mwenye dodoso mwanamke huyo anafanya kazi gani, mara nyingi utakuta ameandikwa mama wa nyumbani.

Hicho ndicho Ulingo wa Beijing ulichokigusa ulipozitaka serikali ziipime kazi isiyolipwa ya wanawake na kuionyesha katika takwimu za nchi. Katika maeneo 12, Tanzania ilitanguliza manne: uwezo wa kisheria, uchumi na umaskini, nafasi katika maamuzi, na elimu pamoja na ajira. Kati ya matunda yaliyofuata, moja ni zito kwa mtu anayeishi kwa shamba: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Inasema haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kugawa ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke njia halali ya kupata ardhi haina nguvu ya kisheria. Sheria hiyo haikushuka kwa hisani ya mtu. Wanawake wanasheria na vyama vyao waliipigania kipengele kwa kipengele.

Habari za Mama Mongella hazikuishia 1995. Machi 2004 Bunge la Afrika lilipozinduliwa Addis Ababa, wabunge walimchagua kuwa Rais wake wa kwanza, akaliongoza hadi 2009, muda mwingi likiwa Midrand, Afrika Kusini. Itifaki ya bunge hilo inaitaka kila nchi ipeleke wabunge watano na angalau mmoja awe mwanamke. Kwa maoni yangu mmoja kati ya watano ni kiwango cha aibu, lakini kiti cha mbele kilipojazwa na mwanamke tangu siku ya kwanza, hoja ya kwamba wanawake hawawezi ilikosa pa kusimama. Wakati huohuo alikuwa mbunge wa Ukerewe, kwao, kuanzia 2000 hadi 2010.

Wengine wakafuata njia hiyo. Dkt. Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Profesa Anna Tibaijuka wa Muleba aliliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi kwa miaka kumi.

Na kizazi cha waliokuwa watoto wakati wa Beijing nacho kimeingia uwanjani. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa na miaka 14 kwa idhini ya mahakama, au 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa kufika 18. Alishinda 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vifungu hivyo ni vya kibaguzi, ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka 2018, katikati ya kesi, alikuwa amepewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mtoto wa kike aliyeingizwa kwenye Ulingo kwa msukumo wa Dakar akapata wakili wake mwenyewe.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa kupata ujauzito anaweza kurudi darasani katika mfumo rasmi. Katika delta, ambako shule ya sekondari inaweza kuwa ng'ambo ya mto na nauli ya boti ni gharama ya kila wiki, kurudi kunahitaji zaidi ya ruhusa: kunahitaji mtu wa kumshikia mtoto na mahali pa kulala karibu na shule. Wazazi wa Mbwera wanalijua hilo kuliko afisa yeyote.

Basi nimalizie kwa ombi kwa mama zangu, dada zangu na wazee wa Mbwera. Mkutano mkuu wa kijiji utakapoitishwa, mmoja wenu asimame aombe orodha ya wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, wale wanaosuluhisha migogoro ya ardhi, isomwe hadharani. Sheria inataka wawe saba, na wanawake wasipungue watatu. Wahesabuni. Wakipungua, daini nafasi hizo zijazwe siku hiyohiyo, na mapendekezo ya majina yaanze na ninyi.